UZI: Kompyuta ikisema unadaiwa, nani anatakiwa kuthibitisha?

#1 Mtoa mada

Wakuu salaam kwenu. Hii mada nimekaa nayo miezi mingi, nilikuwa nasoma kesi moja baada ya nyingine usiku nikishatoka kazini, leo nimeona niiweke hapa tuijadili kwa kirefu. Ni ndefu, asiye na muda aihifadhi arudi baadaye.

Watu wengi wakiongelea teknolojia na sheria wanakimbilia swali moja tu, je roboti zitakuja kukalia viti vya majaji. Mwaka 2019 ilizunguka habari dunia nzima kwamba Estonia wanatengeneza hakimu wa akili mnemba wa kuamua madai madogo madogo, wizara yao ya sheria ikaja kukanusha mwaka 2022 kwamba mradi wa aina hiyo haupo, lakini mpaka leo utakuta mtu anamtaja huyo hakimu kama vile yuko kazini. Sasa wakati tunamsubiri hakimu roboti atokee mlango wa mbele, mashine zilishaingia zamani kwa mlango wa uani. Zimeingia kama shahidi, zimeingia kama mdai, zimeingia kama mshauri anayemnong'oneza jaji huyu mtu hatari huyu hana shida. Na kila zinapoingia kuna kitu kinahamishwa bila kelele, nacho ni mzigo wa kuthibitisha.

Kanuni ambayo hata sisi tusiosomea sheria tunaijua ni kwamba anayedai ndiye athibitishe. Unasema nimekuibia, leta ushahidi. Unasema unanidai, onyesha deni limetoka wapi. Kwenye jinai ndo kabisa, upande wa mashtaka uthibitishe bila kuacha shaka ya msingi. Ninachosema mimi ni kwamba kompyuta ikishakaa katikati hii kanuni inabaki vitabuni ila kwa vitendo inageuka, wewe ndo unaanza kuhangaika kutafuta ushahidi kwamba mashine imekosea, ushahidi wenyewe uko ndani ya mashine, na funguo za mashine anazo yule yule anayekushtaki.

Naanza na kesi ambayo kwangu ndo mama yao.

Uingereza, shirika la Post Office. Kuanzia 1999 walifunga mfumo wa mahesabu unaitwa Horizon, umetengenezwa na Fujitsu, wakausambaza kwenye matawi nchi nzima. Matawi mengi yanaendeshwa na mawakala, yaani mtu ana duka lake na humo ndani ana kaunta ya posta. Jioni wakala anafunga hesabu, mfumo unamwambia una shoti ya maelfu ya pauni. Anahesabu upya, anapekua risiti moja moja, haoni pesa iliyopotea, mfumo umeshikilia shoti pale pale. Anapiga simu ya msaada anaambiwa bonyeza hapa bonyeza pale, na kuna waliosimulia kwamba shoti iliongezeka mara mbili wakiwa bado na simu sikioni. Na Post Office walishikilia kwamba kwa mkataba shoti ikitokea ni juu ya wakala. Basi watu wakalipa, wakamaliza akiba, wakakopa kwa ndugu, wakaweka nyumba rehani, wengine wakasaini kwamba hesabu ziko sawa ili kesho wafungue duka, halafu ile saini ndo ikaja kuwa kosa la kughushi mahesabu.

Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi wa huo mfumo, na karibu 700 kati yao walishtakiwa na Post Office wenyewe, maana kule taasisi inaweza kufungua mashtaka ya jinai kwa jina lake. Hebu liangalieni hilo vizuri wakuu. Anayesema ameibiwa ndiye mpelelezi, ndiye mwendesha mashtaka, ndiye mwenye mfumo uliotoa ushahidi. Kesi ya nyani kapelekewa ngedere. Na wengi wakilalamika walikuwa wanaambiwa ni wewe peke yako mwenye hili tatizo, wakati mawakala mamia walikuwa wanalia kilio hicho hicho kila mmoja na tawi lake.

Nilipofika hapa nikajiuliza mahakama zilikuwa wapi, kwa sababu majaji wa kule siyo watu wa kubezwa. Jibu lipo kwenye sheria na ndo lililonifanya niandike huu uzi. Sheria yao ya ushahidi ya mwaka 1984, kifungu cha 69, ilikuwa inasema ushahidi wa kompyuta haupokelewi mpaka ionyeshwe kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Watu wa sheria wakaona hicho kifungu ni usumbufu, kinachelewesha kesi bure, bunge likakifuta kwa sheria ya 1999. Mwaka ule ule Horizon inaanza kusambazwa! Kuanzia hapo mahakama inachukulia kompyuta iko sawa mpaka mtu alete ushahidi wa kuonyesha haiko sawa. Sasa wakala wa posta kijijini atatoa wapi huo ushahidi? Kumbukumbu za makosa ya mfumo ziko Fujitsu. Mafundi wa Fujitsu walikuwa na uwezo wa kuingia kwenye hesabu za tawi kutoka mbali na kuzibadilisha bila wakala kujua, na Post Office ilikana hilo kwa miaka.

Mawakala 555 wakiongozwa na Alan Bates ikabidi waungane wafungue kesi ya madai, na Desemba 2019 Jaji Fraser akaamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro na ungeweza kabisa kuzua shoti ambazo hazipo, na ule ubishi wa Post Office akaufananisha na mtu wa karne ya 21 anayeshikilia kwamba dunia ni bapa. Fidia waliyokubaliana ilikuwa karibu pauni milioni 58, sehemu kubwa ikaishia kwenye gharama za kesi. Aprili 2021 mahakama ya rufaa ikafuta hatia za watu 39 kwa mpigo, Mei 2024 bunge likatunga sheria ya kufuta za mamia waliobaki. Ripoti ya tume ya uchunguzi ya Julai 2025 inasema watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa sababu ya hii kadhia.

Na hapo hakuna akili mnemba popote. Ni programu ya kujumlisha na kutoa.

Naendelea baadaye, karibuni.

#2 Mdau

Mkuu umeandika kitu kizito. Mimi kazi yangu ni softiwea mwaka wa 11 huu na nachoweza kuongeza ni kwamba kwetu sisi programu isiyo na kasoro haipo, kila timu ina orodha ya makosa yanayojulikana yanayosubiri kutengenezwa, hiyo orodha inasomwa kila wiki kwenye kikao kama kitu cha kawaida kabisa. Kwaiyo ile kusema kompyuta iko sawa mpaka ithibitike vinginevyo, mtu wa softiwea akisikia anashangaa imetungwa na nani. Kitu kingine watu wasichojua ni kwamba kasoro nyingi hazitokei kila mara, inatokea pale laini ikikatika sekunde fulani wakati muamala unaandikwa, ukiijaribu tena haitokei, kwaiyo ukimwambia mtumiaji "rudia nione" na isipotokea unamwona muongo.

#3 Mtoa mada

Asante sana mkuu, na hapo kwenye "unamwona muongo" ndo penyewe.

Naendelea na Australia. Hii inajulikana kama Robodebt. Serikali yao inalipa posho kwa wasio na kazi, na posho inahesabiwa kila wiki mbili kulingana na ulichoingiza katika hizo wiki mbili. Kuanzia 2015 wakaja na mpango wa kukamata waliolipwa zaidi kwa kulinganisha na rekodi za kodi, ila rekodi za kodi ni za mwaka mzima. Wakafanya nini, wakachukua mapato ya mwaka wakayagawa sawa sawa kwa wiki mbili mbili. Tuseme wewe ulifanya kazi miezi 6 ukapata mshahara mzuri, miezi 6 inayofuata huna kazi ukalipwa posho kihalali kabisa. Mfumo unausambaza ule mshahara mpaka kwenye miezi uliyokuwa na njaa, unaona kila wiki ulikuwa na kipato, unakuandikia deni. Unapata barua kwamba tunakudai, ukiona tumekosea leta karatasi za mishahara za miaka kadhaa nyuma. Nani anazo? Mwajiri mwingine alishafunga biashara.

Mnaona lile jambo nililosema? Zamani ofisa alitakiwa apige simu kwa mwajiri, aulize, athibitishe ndo aandike deni. Ile kazi ya ofisa ikaondolewa na isipewe kompyuta, ikapewa mlalahoi. Kompyuta yenyewe ilifanya kugawanya tu. Ndo maana nakataa kabisa neno "otomatiki" kwenye mifumo kama hii, kazi ngumu haikupotea popote, imehamia kwa mtu asiye na uwezo wa kuifanya.

Novemba 2019 serikali ilikubali mbele ya mahakama ya shirikisho kwamba deni lililokokotolewa hivyo halikuwa halali kisheria, mwaka 2021 mahakama ikapitisha makubaliano ya karibu dola za Australia bilioni 1.8, ukijumlisha marejesho, madeni yaliyofutwa na fidia. Tume ya kifalme ikatoa ripoti Julai 2023 na kuuita mpango wa kikatili, usio wa haki wala halali.

Uholanzi nao walikuwa na yao ya posho za malezi ya watoto, maelfu kwa maelfu ya wazazi wakaitwa matapeli na kudaiwa warudishe kila senti, mfumo wa kupima hatari ulikuwa unatumia hata uraia wa mtu kama kigezo, mpaka serikali ya waziri mkuu Rutte ikajiuzulu Januari 2021. Nimeipita kwa haraka kwa sababu mchezo ni ule ule.

#4 Mdau mwingine

Nakuelewa mtoa mada ila nataka nikupinge kidogo kwa heshima. Unaongea kana kwamba kabla ya kompyuta watu walikuwa wanapata haki. Mahakama za binadamu zina foleni ya miaka, wakili ni gharama, mtu ana madai madogo anaamua kusamehe tu kwa sababu kufuatilia ni hasara kuliko deni lenyewe. Hakimu naye ni mtu, ana njaa, ana hasira, ana kabila lake na dini yake. Mimi kama mashine itanipa jibu ndani ya wiki na isijue mimi ni nani, naichukua. Umeleta mabaya yote, mazuri hujagusa.

#5 Mtoa mada

Mkuu hoja yako ni nzito na siipingi, naomba niijibu kwa urefu kwa sababu hata mimi nilianzia huko ulipo.

Ni kweli kabisa migogoro mingi duniani haijawahi kufika mahakamani na haitafika. Mwaka 1999 pale eBay, soko la mtandaoni, walikuwa na shida hiyo, mtu yuko nchi hii kauziwa na mtu wa nchi ile, kitu hakijafika au kimefika kimevunjika, thamani yake ndogo, sheria ya nchi gani itumike? Chuo kikuu cha Massachusetts wakajaribu na msuluhishi mmoja kwa barua pepe, akashughulikia migogoro kama 200 hivi, wakaona kumbe inawezekana. Baadaye eBay wakatengeneza mfumo wao, ikafika mahali wanasuluhisha takriban migogoro milioni 60 kwa mwaka, asilimia kama 90 bila mtu kuingilia. Hakuna mahakama ya nchi yoyote inayoweza kubeba mzigo wa namna hiyo. Siri yao siyo akili nyingi, waligundua malalamiko mengi yanafanana, kwaiyo mfumo unamuuliza mlalamikaji maswali machache, unamwonyesha upande wa pili unasemaje, unapendekeza njia mbili tatu, wenyewe wanamalizana.

Kanada, jimbo la British Columbia, wana baraza la kuamua migogoro ya madai lililo mtandaoni tangu 2016, madai madogo mpaka dola za Kanada 5,000, pamoja na migogoro ya wenye nyumba za pamoja. Unaingia hata usiku wa manane, mfumo unakuuliza maswali kwa lugha ya kawaida, unakuambia haki zako ni zipi, unakupa mfano wa barua ya kumwandikia mwenzako, mkishindwana anaingia mpatanishi binadamu, ikishindikana kabisa mjumbe wa baraza anaamua na uamuzi una nguvu kama wa mahakama. Huo mpango naupenda sana, nasema wazi.

Na ni baraza hilo hilo lililotoa uamuzi wa Februari 2024 dhidi ya Air Canada. Abiria kafiwa na bibi yake, akaiuliza chatiboti ya shirika kuhusu nauli ya punguzo la msiba, chatiboti ikamwambia kata tiketi kwa bei ya kawaida halafu omba punguzo ndani ya siku 90. Kaomba, shirika likakataa, utaratibu wetu hauruhusu kuomba baada ya safari. Mbele ya baraza shirika likajitetea kwamba chatiboti inawajibika kwa matendo yake yenyewe! Baraza likasema hapana, chatiboti ni sehemu ya tovuti yako, kila kilichomo kwenye tovuti yako ni neno lako, mlipe, ikaja jumla dola za Kanada 812 na senti. Pesa ndogo ila kwangu mimi hiyo ni hukumu kubwa kuliko nyingi za mamilioni, maana imeziba kabisa ule mwanya wa kusema siyo mimi ni mashine.

Sasa rudi kwenye swali lako, tofauti ya hii ya Kanada na Robodebt ni nini, zote si ni mifumo? Angalia nani anaianzisha na anaweza kufanya nini jibu likimuuma. Kanada mfumo umewekwa mkononi mwa mlalamikaji, unampunguzia kazi yeye, na mwisho wa njia kuna binadamu anayeandika sababu zake na kuweka jina lake. Australia mfumo uliwekwa mkononi mwa mwenye nguvu, ukaongeza kazi kwa mnyonge, na mwisho wa njia kuna barua. Na ile kusema mashine haijui wewe ni nani, ngoja niiwekee posti yake.

#6 Mtoa mada

Marekani, jimbo la Wisconsin. Eric Loomis alikamatwa 2013 akiendesha gari lililotumika kwenye tukio la kupiga risasi. Kabla ya hukumu jaji aliletewa ripoti yenye alama za programu inaitwa COMPAS, ambayo inapima uwezekano wa mtu kurudia kosa, alama zikasema hatari kubwa, jaji akazitaja, kifungo miaka 6. Loomis akakata rufaa akisema nimehukumiwa kwa kitu ambacho mimi na wakili wangu hatuwezi kukihoji, maana kampuni iliyotengeneza programu inasema jinsi alama zinavyokokotolewa ni siri ya biashara. Julai 2016 mahakama ya juu ya jimbo ikamkatalia, ikasema alama zinaweza kutumika ila zisiwe ndo sababu ya kuamua, na ripoti iwe na onyo kwa jaji kuhusu mapungufu yake. Mahakama ya juu ya Marekani 2017 ikakataa kuisikiliza.

Mimi hilo onyo silielewi mpaka leo. Huwezi kumpa mtu mbuzi kwenye gunia halafu ukamwambia kuwa makini wakati unamchinja. Jaji akishaona "hatari kubwa" kwenye karatasi hawezi kuisahau, na atakayemwachia mtu wa alama za juu akaenda kuua, magazeti ya kesho yatamuuliza yeye.

Mwaka huo huo wa 2016 waandishi wa habari wa ProPublica walichukua alama za COMPAS za watu zaidi ya 7,000 wa kaunti ya Broward, Florida, wakafuatilia nani kweli alirudia kosa ndani ya miaka 2. Miongoni mwa weusi ambao hawakurudia, karibu asilimia 45 walikuwa wamepewa alama za hatari. Miongoni mwa weupe ambao hawakurudia, kama asilimia 23. Mfumo haukuulizwa rangi ya mtu hata kidogo! Kampuni ikajibu kwamba mfumo wetu uko sawa, kwa sababu mweusi na mweupe wenye alama moja wanarudia kosa kwa kiwango kinachokaribiana. Na hapa ndo palinikosesha usingizi, wanahisabati wakakaa chini wakaonyesha kwamba wote wawili wanasema kweli. Kama rekodi za kukamatwa za makundi mawili hazilingani toka mwanzo, haiwezekani kihesabu kutimiza vipimo vyote viwili vya usawa kwa pamoja, lazima mtu achague kimoja.

Kwaiyo mkuu uliyesema mashine haijui wewe ni nani, inajua ulikamatwa mara ngapi na ulikuwa na umri gani, na kukamatwa kunategemea polisi wanazunguka mtaa gani. Na lile chaguo la usawa wa aina gani, ambalo ni la kisheria kabisa, la kujadiliwa bungeni na kuandikwa kwenye hukumu, lilishafanywa na mtu wa kampuni ofisini kwake bila hata kujua kwamba amechagua.

#7 Mdau

Mimi ni wakili. Naomba niseme na upande wetu maana lawama zisiende kwa serikali na makampuni tu. Mawakili tunatumia hizi chatiboti kuandika hoja na kuna wenzetu wamezembea vibaya. Ile kesi ya New York ya Mata dhidi ya Avianca, Juni 2023, mawakili walipeleka hoja zenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilitungwa na ChatGPT na majina yake na namba zake, na jaji alipowataka wazilete wakarudi kwenye ile ile ChatGPT wakaleta nakala za hukumu za kutunga. Faini dola 5,000. Uingereza Juni 2025 kuna kesi hoja zilikuwa na marejeo 45 na 18 hayapo kabisa. Anayeumia ni mteja ambaye hana habari. Halafu kuna hili la mikataba inayojitekeleza yenyewe, vijana wengi wanaliulizia, mtoa mada liguse kama una muda.

#8 Mtoa mada

Asante wakili kwa ukweli wako, siyo wengi wangeandika hivyo.

Mikataba ya msimbo nitaigusa kidogo tu. Wazo lao lilikuwa zuri, makubaliano yanaandikwa kama programu kwenye blokucheni, yaani mnyororo wa kumbukumbu za miamala unaotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, masharti yakitimia pesa inaenda yenyewe, hakuna wakili hakuna dalali hakuna kudhulumiana, sheria ni msimbo wenyewe. Juni 2016 mfuko mmoja wa uwekezaji uliojengwa hivyo, The DAO, mtu akaona mwanya kwenye msimbo akakomba etha (sarafu ya kidijitali) zaidi ya milioni 3. Sasa kama sheria ni msimbo basi kachukua kihalali, msimbo ulimruhusu. Lakini wenyewe waliohubiri hivyo walikataa, Julai wakagawanya mnyororo mzima na kurudisha pesa kwa wenyewe. Wakati wa shida walitafuta kile kile ambacho mahakama zimekuwa zikitafuta karne zote, mlikusudia nini mlipokubaliana.

Na Singapore, Februari 2020, mahakama ya rufaa ilikutana na programu mbili zilizouziana sarafu za kidijitali kwa bei mara 250 ya bei ya soko kwa sababu ya hitilafu, binadamu hajui chochote mpaka asubuhi. Mmiliki wa soko akarudisha miamala nyuma, aliyefaidika akamshtaki. Swali likawa, aliyefaidika alijua kwamba upande wa pili umekosea? Programu haiwezi kujua kitu. Mahakama ikasema tutaangalia akili ya aliyeiandika, alikuwa anajua nini na anakusudia nini alipoiandika, na wengi wa majaji wakaona hapakuwa na kosa la kutosha kufuta mkataba. Hiyo naiona sawa sana, hata kama mtu anaweza kubishana na matokeo. Wamemtafuta binadamu nyuma ya programu, hawakusalimu amri kwa programu.

Sheria zinaanza kuamka. Ulaya tangu Mei 2018 wana kifungu cha 22 cha kanuni zao za data, kwamba usifanyiwe uamuzi mzito wa kimashine tupu, na pale unaporuhusiwa una haki ya kumtaka binadamu, kujieleza na kupinga. Makampuni yakajificha kwamba sisi tunatoa alama tu anayeamua ni benki, Desemba 2023 mahakama ya Ulaya ikawabana kwenye kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayowapa wakopaji alama za uaminifu, ikasema kama benki inaifuata alama kwa kiwango kikubwa basi kutoa alama ndo uamuzi wenyewe. Sheria yao ya akili mnemba iliyoanza Agosti 2024 imeiweka mifumo ya kuwasaidia majaji kutafsiri na kutumia sheria kwenye kundi la hatari kubwa. Ufaransa wao 2019 walifanya kitu ambacho mimi sikubaliani nacho, walipiga marufuku kutumia majina ya majaji kuchambua na kutabiri jinsi wanavyoamua, kifungo mpaka miaka 5. Yaani mashine imchambue mshtakiwa sawa, ikimchambua jaji ni jinai. Kama kupima ni haki basi tupimwe wote.

#9 Mdau mpya

Wakuu nimesoma uzi wote machozi yananilenga. Mimi nauza vitu mtandaoni, mwezi uliopita akaunti yangu imefungwa, wanasema mfumo umegundua shughuli zisizo za kawaida, pesa yangu imo ndani. Nimeandika rufaa jibu limekuja baada ya dakika mbili kwamba wamepitia kwa makini na uamuzi unabaki. Dakika mbili! Nifanye nini?

#10 Mtoa mada

Pole sana ndugu yangu. Yalishanikuta na mimi, tofauti ni huduma tu, najua ulivyo.

Kwanza usiandike tena rufaa ya kueleza wewe ni mtu mwema, hiyo inaingia kwenye mashine ile ile. Andika madai. Uliza uamuzi umefanywa na mtu au na mfumo, umetumia taarifa zipi kunihusu, muamala upi na wa tarehe ipi ndo haukuwa wa kawaida, kipengele gani cha masharti nimekivunja, na pesa yangu inashikiliwa kwa kipengele kipi mpaka lini. Maswali ya namna hiyo mzigo unaurudisha kwao, na kama nchi yako ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi omba nakala ya taarifa zako zote kwa kuitaja hiyo sheria, mara nyingi wana muda maalum wa kukujibu na wanajua hilo. Ukinyamaziwa peleka lalamiko kwa mamlaka inayosimamia hiyo sheria, na kwa kiwango cha pesa nenda mahakama ya madai madogo ambako kwa kawaida huhitaji wakili, kampuni ikishaona hati ya wito mara nyingi ndo siku ya kwanza binadamu anafungua faili lako.

Pili, leo hii kabla hujalala, piga picha skrini zote ambazo bado unaweza kuzifungua, barua pepe zihifadhi kama zilivyo usizinakili kwenye faili lingine, ile ya dakika mbili hasa iache na saa yake ya kuingia. Saa ile ndo ushahidi wako mkubwa, hakuna mtu aliyepitia rufaa kwa makini kwa dakika mbili na wao wenyewe wamekuandikia.

Tatu, tafuta wenzako. Andika jina la huduma na maneno waliyokuandikia neno kwa neno kwenye mtandao, uone wangapi wamepata barua hiyo hiyo. Wale mawakala waliteseka miaka kwa sababu kila mmoja aliaminishwa yuko peke yake, na siku waliyokutana kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi mdogo wa kijiji kinaitwa Fenny Compton, Novemba 2009, walikuwa wachache tu.

Ukimaliza kuandika hayo maswali njoo inbox kabla hujatuma, tuyapitie pamoja. Wakili wa #7 kama upo naomba msaada wako hapo kwenye kipengele cha pesa iliyoshikiliwa.